Wifi Yangu, Sauti ya Pili

Ukimwona wifi yangu barabarani huwezi kudhani ni mwimbaji. Hana madaha. Anatembea upande wa ukuta, mkoba kwapani, na akisalimiwa anaitikia kwa sauti ndogo, kana kwamba anaomba apishwe. Mimi ndiye niliyemshonea kila gauni alilovaa jukwaani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo vipimo vyake navijua kuliko daktari wake. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba kifua kile kina pumzi ya kuwatosha watu wawili. Pumzi yote hiyo imetumika, kwa miaka ishirini na ushee, kuimba kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kutoka nacho hotelini akikiimba njiani.

Kundi analoimba nalo hotelini kila Jumapili ni la kaka yangu. Ni mwalimu wa muziki wa sekondari, na hata sisi nduguze tumezoea kumwita Mwalimu. Ujana wake wote alikuwa mgonjwa wa jazi. Piano hakuwa nayo, tarumbeta hakuwa nayo, akaamua kwamba jazi itapigwa kwa midomo mitupu: watu wanne, sauti nne, basi. Alimpata kwanza karani wa benki mwenye sauti nyembamba inayopanda mpaka darini, akamwita Filimbi na kumpa sauti ya kwanza, yaani wimbo wenyewe, ule ambao wewe na mimi tunausikia na kuushika. Akampata mfamasia mmoja, akamwita Pipa kwa sababu ya sauti na kwa sababu ya umbo, akampa besi. Sauti ya tatu akaichukua mwenyewe. Sauti ya pili ikakosa mtu muda mrefu.

Halafu siku moja tulikwenda kwenye mahafali ya chuo cha ualimu, na msichana mmoja wa kwaya akatoka mbele akaimba peke yake beti mbili. Mimi nikienda mahali popote huangalia nguo kwanza, nione mshono ulikoenda upande. Siku ile niliposhtuka kwaya ilikwisha kukaa, na sikuwa na habari yule msichana alivaa nini. Kaka alinikamata mkono akanong'ona kwamba amempata. Mwaka haukuisha akamwoa. Watu walisema ameoa kwa mapenzi, na ni kweli alimpenda, sitamsingizia. Lakini mimi dada yake nasema alioa sauti ya pili, na msichana akaja nayo.

Ngoja nieleze sauti ya pili ya jazi ni kitu gani, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Katika kwaya ya kawaida sauti ya pili inatembea pamoja na wimbo, inapanda ukipanda, inashuka ukishuka, kwa hiyo ukiisikia peke yake bado unautambua wimbo. Ya kaka haikuwa hivyo. Yake ilikaa katikati ya wenzake imesimama palepale, kisha inashuka nusu hatua wakati wote wanapanda, kisha inangoja. Ukiisikia peke yake utadhani mtu anatafuta kitu alichokiangusha chini ya kitanda. Lakini wakiimba wote wanne, na wewe ukajua pa kusikiliza, unaisikia ikiingia kati ya Filimbi na Mwalimu, na palepale wimbo wote unapata joto. Ndiyo sababu kaka alimwita Gundi.

Na alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakuandika noti. Alimfundisha kila mtu kwa mdomo, siku yake peke yake, mlango umefungwa, na sheria kubwa ya kundi ilikuwa kwamba hakuna mtu kuimba sauti ya mwenzake. Si mazoezini, si nyumbani, si wakati wa kuosha vyombo. Alisema sauti ya mwenzako ni kama mswaki wake, hata ukiwa unampenda namna gani huutii mdomoni mwako. Pipa alicheka mpaka akakohoa. Wifi hakucheka, yeye alilichukua neno hilo kama lilivyo, na ndipo mambo yalipoanzia.

Basi akawa haimbi kitu kingine. Filimbi akirudi nyumbani aliimba chochote anachotaka, nani angemsikia? Pipa aliimba nyimbo za mpira bafuni. Wifi alikuwa anaishi na mwenye sheria. Akifua aliimba sauti ya pili. Akimbembeleza mtoto aliimba sauti ya pili, mpaka binti yao alipofika chekechea akaambiwa aimbe wimbo wa kulala, akasimama mbele ya darasa akashikilia noti moja bila kuyumba, akashuka kidogo, akanyamaza, akaendelea. Mwalimu wa chekechea aliwaita wazazi kuwauliza kama mtoto anasikia vizuri. Tulivunjika mbavu nyumbani siku hiyo, na kaka ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema mtoto amerithi.

Nataka nimtendee haki kaka yangu. Hakumpiga mkewe hata siku moja, hakumfokea, hakumnyima kitu. Alimfunga kwa sifa. Kila wakitoka jukwaani alimwambia mbele yetu wote kwamba bila yeye hakuna kundi. Ingekuwa ni kumvisha kilemba cha ukoka ningemwonya wifi mapema, maana mimi watu wa sifa nawajua, wanakuja dukani kwangu kukopa. Tabu ni kwamba alimaanisha. Chuo cha mkoa mwingine kilimtaka wifi akafundishe kwaya, kaka akasema nenda mke wangu, lakini ujue kundi litakufa, na akasema kwa upole kabisa. Hakwenda. Mama yake alipougua akawa anakwenda kumuuguza katikati ya juma na kurudi kila Jumamosi, macho mekundu, ili Jumapili asimame mahali pake kati ya Filimbi na Mwalimu katika ukumbi wa chakula wa hoteli, mchana, watu wakikata nyama. Hata msiba wa mama yake haukumpa Jumapili. Nilimshonea gauni jeusi, na kaka akaniomba niwashonee wote wanne nguo nyeusi ili asionekane tofauti.

Niliwahi kumuuliza kama hachoki. Akaniambia kitu kinachomchosha si kuimba. Ni kwamba kila wimbo anauona unapita mbele yake na hawezi kuugusa. Alisema anajisikia kama mtu aliyekaa katikati kwenye kiti cha nyuma cha gari, dirisha la huku lina mtu na la huku lina mtu. Kisha akaomba radhi kwa kulalamika, kama kawaida yake, akaniuliza habari za mguu wangu unaouma.

Mwaka juzi Filimbi aliugua mafua mabaya, sauti ikakauka kabisa siku ya Jumapili yenyewe. Kaka hakutaka kuiudhi hoteli, wakaimba watatu. Kusema kweli ilikuwa kichekesho, nyumba ina kuta haina paa. Lakini palikuwa na mpiga piano mmoja mwenye kipara, mtu mwenye studio yake, aliyekuja kula tu. Kwa kuwa Filimbi hayupo, sauti iliyobaki juu ilikuwa ya wifi. Yule bwana aliacha chakula kikapoa. Walipomaliza akasimama kidogo na kaka, kisha akamfuata wifi pembeni, nami niko hapohapo nimeshika sindano kwa ajili ya pindo lililofumuka, akamwambia anatengeneza albamu ya wanawake wanaoimba peke yao, kila mmoja wimbo mmoja, na angependa yeye awe mmojawao. Alisema anataka wimbo wao wa treni, ule wanaoupenda watu, lakini auimbe yeye. Peke yake, yeye na piano.

Wifi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kesho yake asubuhi alikuja dukani kwangu, akaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, akakaa humo bila kuvua kitu. Kisha akasema kutoka humo ndani kwamba anataka kwenda.

Nilifurahi kuliko yeye. Tukala njama. Alikuja kila siku wakati kaka yuko shuleni, akaingia nyuma ya pazia, nami nikakanyaga cherehani ili wapita njia wasisikie. Kuupata wimbo wenyewe ndiko kulikokuwa kazi. Tulikuwa na rekodi ya kundi kwenye simu yangu, lakini kila nikiiwasha masikio yake yalikwenda moja kwa moja kwenye sauti yake, ya Filimbi yakairuka. Ikabidi nimwimbie mimi. Sasa mimi nikiimba ni geti linalohitaji mafuta. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, na akiwa bado anafuta machozi akaushika mstari wa kwanza. Kesho akashika wa pili. Ikafika siku akauimba wote, tangu treni inapoondoka mpaka inapopotea, na niliposimamisha cherehani nikaona nimeshona mkono wa gauni la watu ndani nje. Ilikuwa ileile sauti ya mahafali, ila sasa ilikuwa na umri ndani yake, na nilijifanya nafumua mshono nisije nikalia mbele yake.

Tukaenda studio. Ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, maikrofoni katikati, piano pembeni, na kijana wa mitambo nyuma ya kioo. Nilimshonea gauni jipya la kijani, la kwanza lisilofanana na la mtu mwingine, ingawa hakuna ambaye angemwona. Nilimwambia avae tu.

Mpiga piano akaanza. Akapiga vizuri, vidole vinene lakini vyepesi, noti zile za jazi zinazosuguana. Wifi akavuta pumzi, akaingia. Nami nikajua palepale, kabla hata yeye hajajua. Alikuwa anaimba sauti ya pili.

Dukani hapakuwa na muziki, palikuwa na cherehani, na cherehani haina nafasi tupu ndani yake. Piano ilipojaa chumbani, masikio yake yalitafuta pale palipokosekana sauti, na sauti ikaenda kukaa hapo. Aliimba safi kabisa. Alishikilia noti yake, akashuka nusu hatua, na mwisho wa kila mstari akanyamaza kidogo kumpa Filimbi nafasi ya kumalizia. Filimbi alikuwa benki.

Yule bwana alisimama, akamwambia kwa adabu, "Dada, hiyo ni nzuri sana, lakini wimbo wenyewe uko wapi?"

Wifi akacheka, akaomba msamaha, akasema sasa ameelewa. Wakaanza tena. Akaanza na wimbo, maneno mawili matatu, piano ikamgeukia, akateleza. Wakarudia. Mpiga piano akapunguza noti, akapiga kwa mkono mmoja, akapiga kwa kidole kimoja, na hata kwenye kidole kimoja wifi alijua pa kukaa pembeni yake. Nilijaribu kumwimbia kutoka kwenye kiti changu, geti na yote, kijana wa mitambo akaniomba ninyamaze. Mara ya mwisho wifi alisimama mbele ya maikrofoni mdomo wazi, na sauti haikutoka kabisa. Alikuwa ameshika pande zote mbili za gauni kama mtoto anayeogopa kuliloanisha.

Mpiga piano hakuwa mtu mbaya. Alitupikia chai. Halafu akasema wasiipoteze sauti nzuri namna hii, kwamba rekodi aliyoimba itabaki, naye atatafuta msichana wa kuimba wimbo juu yake. Wifi akasema asante. Alisema hivyohivyo, asante, kama aliyepewa kiti.

Siku ya pili nilikwenda kwa kaka. Nilikusudia kumpasha. Nilimkuta barazani anamenya chungwa, nikamwambia yote, studio na cherehani na siri yetu, nikamuuliza kama anajua alichomfanyia mtoto wa watu. Aliendelea kumenya. Akasema alikuwa anajua. Yule mpiga piano alikuwa amekuja kwake kwanza kumwomba ruhusa, kabla hata ya kumkuta wifi pembeni, naye alimruhusu.

"Na ukanyamaza wakati wote huo," nikasema.

"Ningemkataza angesema nimemzuia," kaka akasema. "Nilijua atarudi, dada yangu. Sauti ile nimeijenga mimi. Haina mlango wa mbele."

Alisema bila ubaya, na akanipa nusu ya chungwa. Nilimwachia mkononi. Nimewahi kumkasirikia kaka yangu mara nyingi, tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipomwogopa.

Ulimi wangu hauna breki, wala sikutaka kuufunga. Nilimweleza wifi neno kwa neno. Alikuwa anakunja nguo za watoto, akaendelea kukunja mpaka zikaisha, kisha akaniuliza gauni la Jumapili liko tayari.

Jumapili nilikaa mahali pangu karibu na mlango wa jikoni. Ukumbi ulijaa. Wakapanda wanne, kaka akahesabu kwa kidole pajani, wakaanza na wimbo wa treni. Nikamtazama wifi. Mdomo ulifunguka, ukafumba, mabega yalipanda na kushuka kwa wakati wake, uso ulikuwa na tabasamu lake la kazini. Lakini shingo ilikuwa imetulia. Mimi nimepima shingo ile miaka yote, najua inavyofanya ikiwa na sauti ndani. Hakuwa anaimba kitu.

Nikangoja wimbo uanguke. Miaka yote tulikuwa tumeambiwa kwamba bila yeye hakuna kundi, na yeye kwa ajili ya neno hilo alimwacha mama yake kitandani kila Jumamosi. Sasa hayupo, tuone. Filimbi akapanda darini, Pipa akanguruma, na ukumbi ukaendelea kukata nyama. Wimbo ulipokwisha watu wakapiga makofi yaleyale. Wakaimba wa pili, makofi. Mzee mmoja akaomba wimbo wa siku ya kuzaliwa ya mkewe, wakauimba, mkewe akafuta machozi. Baadaye Filimbi aliniambia alidhani spika za hoteli zimeharibika kidogo. Pipa hakudhani chochote.

Kaka peke yake ndiye aliyekuwa anazama. Tangu mstari wa kwanza aligeuza kichwa kuelekea kwa mkewe, na hakukirudisha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola niliyoipiga pasi asubuhi. Akakosa kuingia mahali pamoja, akakosa pengine, mwisho akawa anaimba kwa kunong'ona, mkono umeshika sikio. Watu walidhani ni madoido.

Chumba chao cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya vitambaa vya meza. Filimbi na Pipa walikwenda kula. Kaka alikaa juu ya marundo ya vitambaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona analia bila kuficha uso.

"Kulikuwa na shimo," akasema. "Katikati ya kila kitu kulikuwa na shimo. Umeniua leo."

"Watu wamepiga makofi," wifi akasema.

"Watu hawasikii."

"Hawajawahi kunisikia. Siku zote."

"Mimi nakusikia," kaka akasema. "Sijawahi kusikiliza kitu kingine, toka siku ile ya mahafali."

Nilitaka wifi amcheke. Nilitaka amwambie anakwenda kufundisha kwaya huko mkoani, hata nauli ningempa mimi. Wifi alimtazama. Niliuona uso wake ukielewa, kidogo kidogo, na sikupenda nilichokiona. Akachukua kitambaa kimoja cha meza kutoka kwenye rundo, akamfuta mumewe jasho shingoni.

Jumapili iliyofuata aliimba. Nilisikia kabla sijaona, wimbo ukapata joto palepale, na kaka akafumba macho. Walipomaliza nilimfuata stoo kumfungulia zipu, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini amerudi, na yeye ameshaona kwa macho yake kwamba kundi halifi, mlango uko wazi, hakuna anayemdai kitu.

"Niende wapi, wifi?" akasema, mgongo wake ukiwa kwangu. "Huko nje ningeimba miaka ishirini mingine kabla sijapata mtu mmoja wa kunisikia hivyo. Nimempata tayari. Ni yeye."

Zipu ilikuwa imekamata kitambaa, ikabidi niivute polepole.